UZI: Botulizimu kwenye kipimo cha neva na misuli: sekunde 10 za kukaza, dakika 4 za kusubiri

Mpimaneva (#1)

Wakuu wa wodi na wa maabara, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoshika mashine ya EMG (inayopima umeme wa neva na misuli) na wanaowaandikia fomu. Botulizimu, kulegea kunakoletwa na sumu ya bakteria, ni nadra kwetu, na kwa sababu ni nadra, siku mgonjwa akifika hupimwa kama mtu mwenye ganzi ya kisukari: neva mbili za mguu, mbili za mkono, jibu "kawaida", anarudishwa wodini. Kesho yake yuko kwenye mashine ya kupumulia. Mashine haikukosea. Msuli uliopimwa haukuwa dhaifu, mkono ulikuwa wa baridi, na hakuna aliyemwambia mgonjwa akaze.

Wa kushuku ni huyu: kope zinashuka, anaona viwili, maneno yanamkwama, kumeza shida, mdomo mkavu, choo kimefunga. Udhaifu unaanza kichwani na kuteremka shingoni, mabegani, mikononi, pande zote mbili sawasawa. Homa hana, ganzi hana, akili timamu kabisa. Mboni mara nyingi zimepanuka na zinaitika mwanga kwa uvivu, lakini mboni za kawaida zisikufanye ulifute jina hili. Dalili za sumu ya chakula kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuja ndani ya saa 6 au zikachelewa siku kadhaa.

Kabla ya waya wowote, pima pumzi. Kiasi cha hewa anachotoa kwa pumzi moja kikishuka kuelekea mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, mahali pake ni chumba cha mahututi, na mashine ya EMG imfuate huko.

Sasa kinachotokea ndani. Sumu inaingia kwenye ncha ya neva na kukata protini zinazovuta vifuko vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwa msuli, hadi ukingoni. Aina A na E hukata SNAP-25, aina B na F hukata sinaptobrevini. Neva yenyewe ni nzima, na msuli wenyewe ni mzima. Kilichokatika ni ujumbe kati yao. Kwa hiyo tarajia hivi:

Neva za hisia: kawaida. Zikiwa mbovu, tafuta ugonjwa mwingine, au sababu ya pili.

Neva za mwendo: kasi kawaida, muda wa kuchelewa kawaida, ila wimbi la msuli (jibu lake la umeme neva ikipigwa) ni fupi. Kwa mtu mzima, wimbi la msuli wa kidole kidogo likiwa chini ya milivolti 6 hivi linatia shaka, lakini tumieni viwango vya maabara yenu.

Mapigo ya taratibu, Hz (mapigo kwa sekunde) 2 hadi 3: wimbi linaweza kushuka kidogo, au lisishuke kabisa.

Baada ya kukaza kwa nguvu au baada ya mapigo ya haraka: wimbi linapanda na kubaki juu kwa dakika kadhaa. Hiki ndicho kiini cha kipimo, na ndicho kinachorukwa.

Kwa nini lipande? Kila pigo la neva huingiza kalsiamu kwenye ncha, na kalsiamu hiyo huchukua kama milisekunde 100 hadi 200 kuondolewa. Mapigo yakija karibu karibu kuliko hapo, kalsiamu inarundikana na kuvisukuma vifuko vichache vilivyosalia. Mtu anapokaza kwa nguvu zote, neva zake hupiga mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Sekunde 10 za kukaza zinafanya kazi ya mapigo ya haraka, bila maumivu ya umeme.

Hatua kwa hatua, neva ya ulna kwenye kifundo cha mkono:

1. Pasha mkono hadi ngozi ifike angalau nyuzi 32. Ubaridi huongeza kimo cha wimbi na kuficha kushuka kwake.
2. Elektrodi ya kurekodi katikati ya tumbo la msuli wa kidole kidogo, ya pili kwenye kano. Funga vidole kwa plasta kwenye kibao, maana mkono ukicheza wimbi linacheza.
3. Ongeza umeme hadi wimbi liache kukua, kisha ongeza tena asilimia 20 hadi 25. Ukipima chini ya hapo, baadaye utaona "kupanda" ambako ni umeme tu uliozidi.
4. Mgonjwa apumzike kimya dakika chache. Piga pigo moja. Andika kimo na eneo la wimbi.
5. Hz 3, mapigo 5 hadi 10.
6. Akaze sekunde 10, kwa nguvu zote, huku wewe ukimpinga kwa mkono wako. Zisizidi 10. Kwenye Lambert-Eaton hasa (ugonjwa mwingine wa ncha za neva, unaofanana na huu), ukizidisha unaanza kuchosha kile unachokitafuta.
7. "Legeza!" Piga pigo moja papo hapo, ndani ya sekunde 2 au 3.
8. Piga pigo moja moja kwenye sekunde ya 30, 60, 120, 180 na 240.

Hesabu: kimo cha baada, toa cha kabla, gawa kwa cha kabla, zidisha mara 100. Mfano: milivolti 2.4 kabla, 3.5 baada, umepanda asilimia 46.

Kalamu_Nyekundu (#2)

Shikamoo Mwalimu. Maswali mawili. Kwanza, kwa nini Lambert-Eaton hupanda sana wakati botulizimu hupanda kidogo, ilhali zote mbili shida ni ya upande wa neva? Pili, tukipata asilimia 46 tunasemaje kwa uhakika kuwa si Lambert-Eaton?

Mpimaneva (#3)

Marahaba. Kwenye Lambert-Eaton, kinga ya mwili inashambulia milango ya kalsiamu. Mtambo wa kutoa vifuko ni mzima, unakosa kalsiamu tu. Ukiirundika, mtambo unawaka: wimbi la 0.7 linakuwa 3.5, yaani asilimia 400. Kwenye botulizimu kalsiamu inaingia vizuri, lakini mtambo wenyewe umekatwa. Aina A inakata asidi amino 9 za mwisho wa SNAP-25, na hapo hata kalsiamu nyingi haiokoi sana. Ndiyo maana aina A inaweza kupanda kidogo mno, au isipande kabisa mgonjwa akizidiwa. Aina B kwa kawaida huonyesha kupanda kwa wazi zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye botulizimu, kupanda kwa asilimia 30 hadi 100 ndiko kunakotegemewa. Lambert-Eaton hupita 100.

Ila kinachotenganisha zaidi ni saa. Lambert-Eaton hupanda na kushuka ndani ya sekunde 30 hadi 60, halafu wimbi linaweza kwenda chini ya lilipoanzia. Botulizimu hubaki juu dakika 2, 4, wakati mwingine zaidi, na haishuki chini ya mwanzo. Vigezo vinavyotumika sana ni vinne: wimbi fupi kwenye misuli isiyopungua miwili, kupanda, kupanda kudumu dakika 2 au zaidi, na kutokuwepo uchovu baada yake. Ukipiga pigo la sekunde ya 3 kisha ukafungasha waya, umeshapoteza kigezo cha tatu na cha nne.

Na Lambert-Eaton haiji kwa siku mbili. Inakuja kwa wiki na miezi, miguu kwanza.

FundiWaya (#4)

Naongezea upande wa mashine, maana ripoti nyingi zinaharibikia hapa.

Kupanda kwa uongo. Mtu mzima wa afya naye akikaza, wimbi lake linaweza kurefuka, hata kufikia asilimia 40. Si kwamba nyuzi zaidi zimewaka. Ni zilezile, ila sasa zinawaka kwa pamoja zaidi. Wimbi linakuwa refu na jembamba. Tazameni namba hizi: kimo 8.0 kimekuwa 10.4, asilimia 30. Upana milisekunde 6.1 umekuwa 4.8. Eneo 26.0 limekuwa 26.5. Eneo halikusogea, basi huko si kupanda kwa kweli. Sasa ile ya Mpimaneva, 2.4 kwenda 3.5: ikiwa eneo nalo limetoka 7.2 hadi 10.1, hapo nyuzi mpya zimeingia. Washeni safu ya eneo kwenye jedwali la mashine, mara nyingi imefichwa.

Chumba cha mahututi kina kelele za umeme. Usikimbilie kichujio cha Hz 50, kinaharibu umbo la wimbi. Safisha ngozi vizuri kwa spiriti, ibadilishe elektrodi iliyokauka, tenganisha waya zako na za pampu na kitanda, na elektrodi ya ardhi iwe kati ya unapopiga na unaporekodi. Kama godoro la umeme linaweza kuchomolewa dakika tano bila madhara, muombe nesi.

Usipige umeme karibu na waya wa nje wa pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo).

Halafu tazama umbo la wimbi kabla ya namba. Mashine inaweka alama za kimo yenyewe, na mstari wa chini ukiyumba inapima yumbo. Pitia kila wimbi kwa jicho.

DaktariZamu (#5)

Asante FundiWaya. Mgonjwa aliyelazwa na dawa za usingizi, yuko kwenye mashine ya kupumulia, hawezi kukaza. Tunafanyaje? Na je, dawa alizopewa wakati wa kuwekewa mpira haziwezi kutuchanganya?

Mpimaneva (#6)

Zinachanganya sana. Chukua chati ya ganzi kwanza, kabla ya mashine. Rokuroniamu, vekuroniamu na wenzake, dawa za kulegeza misuli, hushusha wimbi na kuleta kushuka kwenye Hz 3, utaandika miastenia (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia maungio ya neva na msuli) kwa mtu asiye nayo. Subiri ziishe, na kumbuka figo au ini bovu hurefusha muda wao. Piridostigmini nayo, kama kuna aliyeianzisha akidhani miastenia, isimamishwe saa 12 kabla ya kipimo ikiwa hali inaruhusu.

Kwa asiyeweza kukaza unatumia mapigo ya haraka: Hz 20 hadi 50. Kwa Hz 50 sekunde 2 ni mapigo 100. Linganisha wimbi la kwanza na lile refu zaidi katika mfululizo, kimo na eneo. Kisha endelea na pigo moja moja kwenye sekunde 30, 60, 120, 180 na 240 kama kawaida. Mkono ufungwe barabara, na fimbo ya umeme usiishike kwa vidole, ifunge. Ikiteleza milimita chache wimbi linashuka na utadhani ni ugonjwa.

Mtu aliye macho na anayeweza kukaza usimpige Hz 50. Inauma mno, na haikupi kitu ambacho sekunde 10 hazikukupa.

Aliyekaa mahututi zaidi ya wiki ana shida nyingine: misuli yenyewe huugua. Wimbi linakuwa fupi, ila upana wake unaongezeka wazi. Botulizimu haitanui wimbi hivyo.

Bibi_Shamba (#7)

Kwa huku vijijini wagonjwa wa kope kushuka na pumzi kukata ninaowafikiria kwanza ni dawa ya kilimo na nyoka. EMG inatenganishaje?

MganiaSumu (#8)

Swali zuri mno dada, na kwa mazingira yetu ndilo la kwanza kuulizwa.

Oganofosfeti, yaani dawa za kilimo za kuua wadudu: mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate, jasho, kuharisha, moyo taratibu. Ni kinyume karibu kila kitu na botulizimu, yenye ukavu na kufunga. Tatizo ni yule anayelegea saa 24 hadi 96 baadaye, shingo haiinuki, pumzi inakata, na mate yalishaisha kwa atropini. Mboni zake zimepanuliwa na dawa, zinadanganya. Hapa EMG inasaidia hasa: pigo moja la umeme linatoa wimbi kubwa, na nyuma yake wimbi dogo la pili linalojirudia. Ni msuli unaowaka mara mbili kwa sababu asetilikolini haiondolewi. Kwenye mapigo ya haraka wimbi linashuka ghafla kisha linajiinua. Botulizimu haina wimbi la pili. Angalieni lile wimbi dogo kwa makini, wengi hulichukulia kama kelele.

Nyoka: aliyeumwa na koboko au fira naye huanza na kope. Lakini ni dakika na saa, si siku, na kwa kawaida kuna alama na maelezo. Usipoteze muda kwa EMG, tibu.

Kupe: baadhi ya kupe huleta kulegea. Wimbi fupi linafanana na botulizimu, ila udhaifu unapanda kutoka miguuni. Pekua nywele, nyuma ya masikio, kwapa na kinena. Tafadhali fanyeni hivi kwa mtoto kila mara, hakuna gharama.

Guillain-Barré, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva zenyewe: rifleksi zinapotea mapema, mawimbi ya F (mwangwi wa pigo unaorudi kutoka uti wa mgongo) yanatoweka au kuchelewa, muda unarefuka. Aina ya Miller Fisher ndiyo inayofanana zaidi, kwa kuwa inaanza na macho, ila mgonjwa anapepesuka na rifleksi hakuna.

Kisha magnesiamu. Mama aliyechomwa magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba akilegea, wimbi lake linakuwa fupi na linapanda kwa mapigo ya haraka, kama botulizimu kabisa. Magnesiamu inazuia kalsiamu palepale kwenye ncha ya neva. Pima kiwango chake kwenye damu kabla hujaandika neno lolote.

Mlezi_wa_Watoto (#9)

Naomba kuweka la watoto wachanga, maana njia ni tofauti. Kwa walio chini ya mwaka mmoja si sumu iliyoliwa. Ni mbegu za bakteria zinazochipua utumboni na kutengeneza sumu humo humo. Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi mwaka 1976 kule Marekani, na asali ni moja ya vyanzo vinavyojulikana. Mtoto anaanza kwa kufunga choo, kisha kunyonya kunalegea, sauti ya kilio inafifia, shingo inaanguka.

Kwenye kipimo: usiogope kasi ndogo. Neva ya mtoto mchanga wa kawaida husafirisha kwa karibu nusu ya kasi ya mtu mzima. Mita 27 kwa sekunde kwa mtoto wa wiki tatu si Guillain-Barré. Wimbi lake nalo kwa asili ni dogo, tumia viwango vya umri. Elektrodi ndogo, mkono wa joto (mtoto aliyefunuliwa hupoa haraka mno, mpangie taa), na Hz 20 hadi 50. Kupanda kwa zaidi ya asilimia 20 kunakodumu zaidi ya sekunde 120 bila uchovu, pamoja na wimbi fupi, kunatosha kusimama upande wa botulizimu.

Ninalolisisitiza kwa uchungu ni jentamaisini. Mtoto mlegevu asiyenyonya huanzishiwa ampisilini na jentamaisini kwa kuhofia maambukizi ya damu. Jentamaisini nayo inabana maungio ya neva na msuli, na mtoto mwenye botulizimu anaweza kuacha kupumua. Ukishuku, badilisha dawa hiyo kwanza, kipimo kifuate.

Kalamu_Nyekundu (#10)

Na EMG ya sindano, ile ya kurekodi ndani ya msuli? Tuichome misuli ipi, tutafute nini?

Mpimaneva (#11)

Msuli dhaifu, wa karibu na kiwiliwili, kama deltoidi ya begani. Mawimbi ya vikundi vya nyuzi yatakuwa mafupi kwa kimo, membamba, yenye vilele vingi, na mengi kupita nguvu inayotolewa. Mgonjwa anagusa tu, skrini inajaa. Inafanana na ugonjwa wa misuli, kwa kuwa ndani ya kila kikundi nyuzi nyingi hazikupata ujumbe. Baada ya wiki moja au mbili unaweza kukuta fibrilesheni, nyuzi zikiwaka zenyewe bila amri: msuli unalia umeachwa na neva. Asiyejua hadithi ya mgonjwa ataandika "maiositisi", yaani uvimbe wa misuli.

Kipimo cha uzi mmoja mmoja ndicho chenye hisia kali kuliko vyote: mtikisiko wa muda (kuyumba kwa muda wa uzi kuitika kutoka pigo hadi pigo) umeongezeka, nyuzi nyingine zinaruka pigo. Lakini kinaonyesha tu kwamba maungio yana shida, miastenia nayo iko hivyohivyo. Ukichochea kwa umeme kwa kasi tofauti, mtikisiko wa botulizimu unapungua kasi ikiongezeka, wa miastenia kwa kawaida unazidi.

DaktariZamu (#12)

Je, huku kwetu upo kweli ugonjwa huu, au tunajifunza wa vitabuni?

MganiaSumu (#13)

Upo. Kenya kuna mlipuko ulioripotiwa mwaka 1980 uliotokana na kumbikumbi. Kumbikumbi si sumu. Shida ni wadudu kufungiwa mahali pasipo hewa kwa muda kabla ya kuliwa, na bakteria huyu anapenda pasipo hewa. Uganda, Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni waliugua, mmoja akafa, na sumu aina A ikathibitishwa. Chanzo kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, walichokula wote watatu. Wanaojua maisha ya bweni wanajua chupa hizo: pilipili au karanga zilizozamishwa ndani ya mafuta, zinakaa sandukuni wiki nzima. Mafuta yanafukuza hewa, chini kuna unyevu kidogo. Kwa hiyo wanafunzi wawili wa bweni moja wakilegea wiki moja, ulizeni chupa.

Sampuli: damu kabla ya kinzasumu, kinyesi, matapishi, na chakula chenyewe, vyote kwenye baridi. Kipimo cha panya, wanaochomwa sampuli kuona kama ina sumu, kinaweza kuchukua hadi siku nne, na ndiyo maana EMG ina thamani: jibu lake unalipata saa hiyohiyo. Lakini hata EMG haisubiriwi. Kinzasumu hukamata sumu iliyo bado kwenye damu, haifungui iliyokwisha ingia kwenye neva. Kila saa inayopita ni misuli mingine. Piga simu wizarani kuitafuta mara tu unaposhuku, huku mashine ikisukumwa kuelekea kitandani.

Kalamu_Nyekundu (#14)

Tukipima mapema tukakuta kila kitu kawaida, ripoti iandikweje?

Mpimaneva (#15)

Usiandike "hakuna botulizimu". Andika ulichopima: misuli ipi, nguvu yake ilikuwa kiasi gani siku hiyo, joto la ngozi, amekaza au umepiga Hz ngapi, kimo na eneo kabla na baada, na pigo la mwisho lilikuwa dakika ya ngapi. Kisha: "Kipimo hiki hakiondoi botulizimu, msuli uliopimwa ulikuwa na nguvu ya kawaida, kirudiwe." Kama mkono ulikuwa na nguvu, nenda kwenye udhaifu ulipo: trapezi (msuli wa shingo na bega) kupitia neva ya nyongeza, au msuli wa pua kupitia neva ya uso. Usoni wimbi ni gumu kulipata safi, lakini msuli dhaifu uliopimwa kwa shida ni bora kuliko msuli mzima uliopimwa vizuri.

Rudia baada ya siku moja au mbili, udhaifu unapoteremka. Na kabla hujabandua elektrodi leo, zungushia kila moja duara kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na mahali pa kupiga umeme. Elektrodi ikihama sentimita moja kimo cha wimbi kinabadilika, na wa zamu ya kesho hatajua ni ugonjwa uliosogea au ni plasta.